Chombo cha Kwanza cha Familia (Sehemu ya Pili): Kayaki, Ngalawa na Maji ya Tanga

Juma lililopita tulieleza kayaki ilikotoka: kwa Wainuiti wa kaskazini ya mbali, waliovika ngozi ya sili kwenye kiunzi cha mbao na mifupa ili mtu mmoja aweze kuwinda peke yake katika maji ya barafu. Leo tunaingia kwenye swali lenyewe. Mzazi anayeishi Pongwe, mwenye mwenzi na watoto watatu, anayetaka chombo cha kuvulia kwa mshipi siku ya mapumziko, anunue cha namna gani?

Pongwe haina ufukwe, na hilo ndilo la kwanza kufikiriwa. Ni kata ya Jiji la Tanga, lakini iko upande wa bara, kando ya barabara iendayo Segera, penye machimbo ya mawe ya chokaa na mashamba ya mkonge, zaidi ya kilomita 10 kutoka baharini. Mvuvi wa Sahare au Mwambani hukilaza chombo chake mchangani akaenda zake nyumbani kwa miguu. Mtu wa Pongwe ana njia mbili tu: akisafirishe kila anapotaka kuvua, au akiache pwani kwa mtu anayemwamini na kumpa chochote kila mwezi. Uamuzi huo uje kabla ya kuangalia rangi, viti na vishikio vya ndoana, kwa kuwa ndio unaoamua uzito wa chombo, na uzito huo ndio unaoamua kama utakitumia au kitageuka kiota cha kuku nyuma ya nyumba.

Kayaki ya plastiki ya watu wawili ina urefu wa mita 3.5 hadi 4 na uzito wa kilo 30 hadi 40. Kirikuu huibeba bila shida, ila sehemu kubwa itatokeza nyuma ya bodi, kwa hiyo ifungwe omo na tezi na itundikwe kitambaa chekundu. Bado kuna safari ya pili ambayo muuzaji haisemi. Tanga bahari ikipwa hupwa kweli. Siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3, na ufukwe uliouona saa kumi jioni umejaa maji hadi kwenye mizizi ya mikoko, kesho yake saa nne asubuhi utaukuta ni uwanda wa tope na majani ya bahari. Kilo 35 juu ya bega, katika tope hilo, na watoto nyuma wamebeba makafi na ndoo ya chambo, si jambo la mzaha. Ziko pia kayaki za kuendeshwa kwa miguu, zenye pedali na mapezi chini yake, ambazo wavuvi wa Marekani wanazipenda sana. Ni nzito zaidi, ni ghali zaidi, na mapezi yale hunasa kwenye majani na kugonga matumbawe. Kwa chombo cha kwanza katika maji yetu mimi sizitaki, hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Sasa tutazame ngalawa, maana haifai kuzungumza habari za kayaki Tanga kana kwamba watu wa hapa walikuwa wakisubiri plastiki ndipo waende baharini. Ngalawa ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, lenye mirengu inayotoka kila upande na kushika mbao mbili zinazogusa maji. Namna hiyo ya kukinga chombo kisipinduke inaonekana pia Komoro na Madagaska, na wanahistoria wanaihusisha na mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi kutoka visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia. Walichokijua wale mabaharia kwa mikono ndicho kinachompasa mnunuzi wa kayaki akijue kwa akili.

Kanuni ni hii. Chombo kinapolala upande, maji husukuma juu ule ubavu uliozama zaidi, na msukumo huo ndio unaokirudisha. Kadiri ubavu ulivyo mbali na katikati, ndivyo msukumo unavyokuwa na nguvu, na nguvu hiyo haipandi sawasawa na upana: hupanda kwa upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Kwa hiyo kayaki mbili za urefu mmoja, moja ya sentimita 70 na nyingine ya sentimita 80, hazitofautiani kidogo kama macho yanavyodanganya. Hiyo ya pili hukataa kuyumba kwa karibu nusu zaidi. Ukifika sentimita 90 umepita maradufu. Ngalawa imekwenda mbali zaidi: gogo lake ni jembamba, lakini mbao zake ziko mbali na ubavu, na ndiyo maana kijana husimama juu yake akivuta tanga bila wasiwasi.

Upana una gharama yake. Chombo kipana husukuma maji mengi na huenda polepole. Familia yenye watoto itakwenda kama kilomita 3 au 4 kwa saa, basi. Wauzaji watakuambia kayaki nyembamba na ndefu ni ya kasi. Kweli. Lakini kasi ni ya nani? Mtoto wa miaka minane akiona samaki ameshika, hatakaa katikati kama alivyoagizwa. Ataruka upande ule ule alioko baba yake, na wote wawili watainama kutazama. Chombo cha familia kipimwe kwa dakika hiyo. Chini ya sentimita 80 usikubali, na kwa kayaki ya wawili 85 au zaidi ni bora.

Kisha uzito kinaoubeba. Kila kayaki ina kiwango kilichoandikwa na kiwanda, tuseme kilo 200. Kiwango hicho ni cha mwisho, ambapo chombo bado kinaelea lakini kimezama mno kiasi kwamba kila wimbi linapanda juu. Mwenye busara hutumia theluthi mbili, yaani kilo 133. Sasa hesabu: baba kilo 75, mama kilo 65, mtoto kilo 25, maji ya kunywa, nanga na ndoo kilo 10. Jumla 175. Kayaki ile iliyotangazwa kuwa ya familia, picha yake ikionyesha watu watatu wakicheka, haiwafai hao watatu. Inamfaa mzazi mmoja na mtoto mmoja, pamoja na vifaa vyao, na inabaki na akiba ya kutosha.

Hapa ndipo nataka kusema wazi ninachokiamini. Kwa familia ya watu watano, kayaki moja si chombo cha familia. Ni chombo cha zamu: wawili wanavua, watatu wako ufukweni wanachoma mihogo, halafu wanabadilishana. Anayetaka watu wote wawe majini pamoja akodi ngalawa pana au mashua pamoja na nahodha wake, mara chache kwanza, ajue nani katika nyumba anachafukwa na bahari na nani anaipenda. Watu wameuza viwanja kununua vyombo ambavyo wake zao hawakuwahi kuvipanda.

Ukiamua kayaki, chagua ya kukalia juu, si ile ya kuingiza miguu ndani. Ya kuingia ndani ilitengenezwa kumkinga mwindaji na baridi, na Tanga baridi hiyo hatuna. Ikipinduka hujaa maji kama karai, na kuyatoa katikati ya bahari ni kazi ya mtu aliyefunzwa. Ya kukalia juu imefungwa pande zote na ina matundu yanayopitisha maji kutoka kwenye viti hadi chini. Ikipinduka unaigeuza, unapanda tena. Kupanda tena ni jambo la kujifunza, katika maji ya kifuani, na kila mtu mzima wa nyumba alifanye kabla ya ndoana ya kwanza kufungwa. Asiyeweza kupanda peke yake asiende na mtoto.

Kayaki nyingi zinazouzwa hapa kwa bei ya unafuu zimeshatumika, na baadhi zilikuwa za hoteli za pwani. Adui wa kayaki ni jua. Plastiki iliyoachwa mchangani miaka mingi hupauka, hutoa unga ukiipitishia kiganja, na mwisho hupasuka. Kagua mshono na kingo za matundu ya kutolea maji, ndipo nyufa huanzia. Mimina ndoo chache za maji ndani kupitia kizibo, ipindue huku na huku, utazame kama pana tone linalotoka. Gundi za dukani hazishiki plastiki hii. Ufa huzibwa kwa kuyeyusha plastiki ya aina ile ile, na kazi hiyo si kila fundi wa ngalawa ataijua, ingawa kwa kalafati hana mpinzani. (Kwamba plastiki na ufundi wa pwani vinaweza kukutana, mafundi wa Lamu walishaonyesha: mwaka 2018 waliishusha majini Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar.)

Jaketi okozi lisihesabiwe kuwa nyongeza. La mtu mzima wa kayaki liwe fupi, lisizuie mikono. La mtoto mdogo liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, la sivyo mtoto huteleza akatoka chini likabaki linaelea peke yake, na liwe la aina inayomgeuza uso juu. La kaka mkubwa halimfai mdogo wake. Kamba ya nanga nayo ina neno. Tanga ni nyumba ya mkonge tangu Richard Hindorf alipoleta miche yake mwaka 1893, lakini pamoja na heshima yote kwa katani, kamba yake huoza ikikaa na unyevu muda mrefu. Nunua nailoni, inayovutika kidogo wimbi likipiga. Na nanga isifungwe ubavuni kamwe. Ifungwe omo au tezi, kwa sababu mkondo ukiivuta kayaki kwa ubavu, upana wote tuliousifia hautoshi.

Tumebaki na maji yenyewe, na hapa mtu wa Pongwe ana bahati kuliko anavyodhani. Wengi huchagua siku ya kwenda baharini kwa kalenda ya kazi. Afadhali yeye aangalie mwezi. Bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa saa nne. Mkondo ni mkali na tope ni refu. Maji mafu, kama tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 25 za mwezi mwandamo, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi kwenye saa nne, hayaendi mbali yakipwa, na mkondo ni mpole. Familia inayoondoka Pongwe saa kumi na mbili asubuhi inayakuta maji yakipanda ufukweni, inavua hadi saa tano, na inarudi kabla upepo wa mchana haujaamka. Miezi nayo: Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu, na kaskazi hutia mawimbi Desemba hadi Februari. Oktoba na Novemba, kusi imechoka na kaskazi haijashika, ndio wakati wa kuanza.

Uwe mwangalifu na umande, ule upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu. Ni mwanana, unapendeza, bahari imelala kama kioo karibu na ufukwe, na unakusukuma nje kidogo kidogo huku ukiangalia mshipi. Kayaki tupu ni jani. Anza daima kwa kwenda dhidi ya upepo, ili ukichoka upepo wenyewe ukurudishe.

Mahali pa kuanzia ni ndani ya ghuba. Upande wa Raskazone pana maji ya kivuli, Kisiwa cha Toten kikiwa mbele yako, ila usikaribie njia ya meli: bandari ya Tanga sasa inapokea meli kubwa gatini, na ng'ambo, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Mwambani, nyuma ya kisiwa cha Yambe, ni pazuri zaidi kwa mtoto. Kumbuka kwamba Toten, Yambe na Karange vimo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009 baada ya samaki yule wa kale kuanza kunaswa kwenye majarife. Uliza utaratibu kabla ya kutupa ndoana. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, ni eneo tengefu tangu mwaka 1975, hakivuliwi, na kiko mbali mno kwa kayaki ya kwanza. Mto Pangani una mamba. Sina la kuongeza hapo.

Leseni ya uvuvi iulizwe ofisi ya uvuvi ya jiji, kwa kuwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haimsamehi mtu kwa sababu anavua kwa starehe, na masharti ya usalama wa chombo yaulizwe shirika la TASAC. Pale dikoni, kabla ya kushusha, waambie viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia ufukwe, mko wangapi, mnaelekea wapi na mtarudi saa ngapi. Hawatozi kitu kwa kusikiliza, na ndio wenye mashine ya kuja kuwatafuta.

Juma lijalo: mshipi, chubwi na chambo, na kwa nini tasi aondolewe kwenye ndoana na mtu mzima.