Gari Lililojua Kwamba Linapimwa

Mwaka 2013 Volkswagen Passat moja ya dizeli ilitoka Los Angeles ikapandisha pwani ya magharibi ya Marekani hadi Seattle, kisha ikarudi. Safari nzima ilikaribia kilomita 4,000. Kwenye buti palijaa vipimo vya gesi, jenereta ya kuviendesha, na mipira iliyounganishwa na bomba la moshi. Watafiti waliolifuatilia gari hilo walitoka Chuo Kikuu cha West Virginia, na kazi walipewa na shirika la utafiti wa usafiri safi, ICCT. Nia haikuwa kumkamata mtu. Marekani ina viwango vikali vya moshi kuliko Ulaya, na ICCT ilitaka kuwaonyesha watu wa Ulaya kwamba gari la dizeli linaweza kuvitimiza barabarani.

Vipimo vikasema vingine. Passat ilitoa oksidi za nitrojeni mara 5 hadi 20 ya kiwango halali. Jetta, gari jingine la Volkswagen lililopimwa, ilizidisha mara 15 hadi 35. La tatu, BMW X5, lilibaki ndani ya kiwango karibu muda wote, isipokuwa lilipopanda milima mikali. Kilichowashangaza zaidi watafiti ni kwamba magari hayohayo ya Volkswagen yalipowekwa juu ya rola katika maabara ya CARB, bodi ya udhibiti wa hewa ya California, yalifaulu bila tatizo. Ndani yalikuwa safi, nje machafu.

Ili kuelewa kwa nini kampuni kubwa hivyo ilihatarisha jina lake, inabidi tuingie ndani ya silinda. Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni nitrojeni, gesi isiyo na ugomvi na mtu. Injini ya dizeli huibana hewa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta bila plagi. Joto la mwako linapopita nyuzi 1,500 hivi, molekuli za nitrojeni huachana na kushikamana na oksijeni, na hapo ndipo huzaliwa nitrojeni monoksaidi na nitrojeni dayoksaidi. Yaani sifa ileile inayoifanya dizeli ile mafuta kidogo, mwako wa joto kali wenye hewa tele, ndiyo inayotengeneza sumu. Gesi hizi huwasha njia za hewa mapafuni na kuwazidishia shida wenye pumu. Zikipigwa na jua husaidia kutengeneza ozoni karibu na ardhi, na hugeuka pia kuwa chembe ndogo mno zinazopenya hadi kwenye damu.

Gari la petroli huzimaliza kwa kichocheo kilichofungwa kwenye bomba la moshi. Kwa dizeli kichocheo cha aina hiyo hushindwa, kwa sababu moshi wake una oksijeni iliyozidi. Mainjinia wana njia tatu za kupambana na gesi hizi, na kila moja ina bei yake. Ya kwanza ni kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili kupoza mwako, lakini masizi huongezeka na chujio huchoka mapema. Ya pili ni mtego unaozinasa gesi hizo, ambao kila baada ya muda lazima usafishwe kwa kuchoma mafuta ya ziada. Ya tatu, na iliyo bora, ni kupulizia maji ya urea kwenye moshi: urea hugeuka amonia, amonia hukutana na oksidi za nitrojeni, na kinachotoka ni nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Njia hii inataka tangi lake na mtu wa kulijaza. X5 ilionyesha kwamba inawezekana, kwa aliye tayari kugharimika.

Nyaraka ambazo Volkswagen yenyewe ilizikubali mahakamani zinaeleza kilichotokea. Karibu na mwaka 2006, wasimamizi wa injini mpya ya dizeli waligundua kwamba haitaweza kutimiza viwango vya Marekani na wakati huohuo kumvutia mnunuzi. Wakachagua programu ya kompyuta.

Jaribio la maabara lina ratiba isiyobadilika. Lile la Ulaya la wakati huo lilichukua sekunde 1,180 na umbali wa kilomita 11, mwendo wake ukiwa umepangwa sekunde kwa sekunde katika kanuni ambazo yeyote angeweza kuzisoma. Matairi huzunguka juu ya rola, usukani haugeuki, gari haliendi popote. Kompyuta ya injini hupokea taarifa za mambo hayo yote. Mjerumani mmoja mtaalamu wa kuchambua programu aliifungua mwaka 2015 akakuta ndani yake mipaka ya umbali na muda inayolingana na jaribio rasmi. Mwendo ukibaki ndani ya mipaka hiyo, gari husafisha moshi kwa bidii. Ukitoka nje, urea hupunguzwa. Kuna madereva wa malori ambao hushusha sehemu ya shehena kabla ya mizani na kuipakia tena wakishavuka. Tofauti ni kwamba hapa mwenye gari hakujua lolote. Alikuwa ameuziwa gari kwa tangazo la dizeli safi.

Sehemu inayoniudhi kuliko zote ni ya mwaka 2014. Ripoti ya West Virginia ilipotoka, CARB na shirika la mazingira la Marekani, EPA, walidai maelezo. Kampuni ilitoa sababu za kiufundi moja baada ya nyingine, kisha mwezi Desemba ikayaita magari karibu 500,000 gereji yakarekebishwe programu. Wateja waliitikia, wakiamini wanasaidia kusafisha hewa. Lakini baadhi ya magari yaliwekewa uwezo mpya wa kusoma usukani, ili yatambue kwa uhakika zaidi kwamba yako kwenye jaribio. Shinikizo la mdhibiti lilitumika kuunoa udanganyifu uleule aliokuwa akiuwinda.

CARB haikuridhika na makaratasi. Ikapima tena, ndani na nje, na tofauti bado ilikuwepo. Kilichoimaliza Volkswagen hakikuwa faini, maana ilikuwa haijatozwa hata senti. Ilikuwa tishio la kunyimwa kibali cha kuuza magari ya mwaka 2016. Mwanzoni mwa Septemba 2015 ikakiri, na tarehe 18 mwezi huo EPA ikatangaza hadharani. Siku chache baadaye kampuni ikasema magari yenye programu hiyo ni milioni 11 duniani, na mkuu wake, Martin Winterkorn, akajiuzulu. Hadi leo kashfa hiyo imeigharimu zaidi ya euro bilioni 30.

Wapo wanaoisimulia habari hii kama dhambi ya kampuni moja, na hapo sikubaliani nao. Mwaka 1974 Volkswagen hiyohiyo ilikubali kulipa dola 120,000 nchini Marekani kwa vifaa vilivyozima vidhibiti vya moshi. Mwaka 1998 kampuni saba za injini za malori, zikiwemo Caterpillar, Cummins na Volvo, zilifikia makubaliano yaliyozigharimu karibu dola bilioni 1 kwa programu zilizoacha gesi hizihizi zitoke kwenye barabara kuu. Mwaka 2024 Toyota ilisimamisha kwa muda usafirishaji wa Hilux, Hiace na Land Cruiser 300 za dizeli baada ya kubainika kwamba injini zilizopimwa nguvu zilitumia programu tofauti na ya magari yanayouzwa. Toyota ilisema magari hayo yametimiza viwango na wenye nayo waendelee kuyatumia, na suala lilikuwa nguvu ya injini, si moshi. Hata hivyo mwanya ni uleule: kilichopimwa si kilichouzwa.

Ulaya ilikuwa na dalili mapema. Mwaka 2011 maabara ya utafiti ya Umoja wa Ulaya iliyoko Ispra, Italia, ilichapisha vipimo vya barabarani vilivyoonyesha magari ya dizeli yakizidisha viwango. Hakuna aliyechukua hatua ya maana. Kampuni iliweza kuchagua nchi ya kuomba ithibati, na ithibati ya nchi moja ilikubaliwa na zote. Nchi nyingine zilikuwa mdhibiti na mlezi wa kiwanda kwa wakati mmoja. Ni baada ya kashfa ndipo, kuanzia Septemba 2017, aina mpya za magari zilipoanza kulazimika kupimwa barabarani pia.

Hata marekebisho ya Ulaya yalikuwa na kasoro, na kasoro hiyo inatuhusu sisi. Mwezi Julai 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilichunguza programu mpya iliyowekwa kwenye magari ya Volkswagen baada ya kashfa, kwa idhini ya mdhibiti wa Ujerumani. Ikakuta kwamba urejeshaji wa moshi kwenye silinda unafanya kazi kikamilifu katika joto la nje la kati ya nyuzi 15 na 33 tu, na gari likiwa chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mahakama ikasema huko ni kuvizima vidhibiti. Sasa tazama ramani. Kigali iko juu ya mita 1,500, Kampala juu ya 1,100, na Nairobi inakaribia 1,800. Gari la namna hiyo likiletwa Nairobi halitasafisha moshi wake kikamilifu hata siku moja, na kila hati yake itaonyesha limerekebishwa.

Na magari yanakuja. Kwa hesabu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na asilimia 40 yalikuja Afrika. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilifanya jambo la kusifiwa: zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na salfa ndiyo huua vichocheo. Lakini udhibiti wetu wa magari bado unategemea mno umri. Kenya hairuhusu yaliyozidi miaka minane. Tanzania huyatoza makuukuu ushuru wa ziada. Jetta iliyozidisha kiwango mara 35 ilikuwa karibu mpya.

Ukaguzi wa kupima weusi wa moshi hautoshi pia. Weusi ni masizi, na nitrojeni monoksaidi haina rangi. Dizeli inayotoa moshi usioonekana inaweza kuwa inamdhuru mtoto anayesubiri daladala kando yake.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina soko kubwa la kutosha kudai mambo matatu bandarini: matokeo ya vipimo vya barabarani kwa kila aina ya gari la dizeli, uthibitisho kwamba kichocheo na chujio havijang'olewa, na vifaa vya kupima oksidi za nitrojeni kwenye barabara zetu wenyewe, Mombasa penye usawa wa bahari na Nairobi palipoinuka. Teknolojia ipo, iliingia kwenye buti la Passat zaidi ya miaka kumi iliyopita. Wanaoandika viwango vyetu waianze kazi hiyo sasa.