Kompyuta ya Zamani Inapokataa Kiini Kipya

Juma hili nazungumzia jambo linalowatoa watu jasho: kompyuta ya zamani yenye Linux imewekewa kiini kipya, ikazimwa, na ilipowashwa tena ikakataa kuamka.

Kiini ni ile programu ya ndani kabisa inayosimamia prosesa, kumbukumbu na diski. Programu nyingine zote hupitia kwake. Linus Torvalds alipoanza kukiandika mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, alikitengeneza kwa ajili ya prosesa ya Intel 386. Toleo la 3.8, lililotoka Februari 2013, likaitupa nje 386 hiyo hiyo. Mtoto kamfukuza mlezi wake! Basi usidhani kwamba kila kiini kipya kitaikubali kila mashine iliyokubaliwa na kile cha zamani.

Jirani yangu mmoja ana kibanda cha kupiga chapa. Kompyuta yake ya kubeba ina prosesa ya Pentium M, ya mwaka 2003 hivi, na inatumia Debian 12. Kijana mmoja aliiwekea kiini kipya, na siku ya pili kwenye skrini nyeusi yakatokea maneno ya Kiingereza kwamba kiini kinahitaji kitu kiitwacho "pae" ambacho prosesa haina. Kijana akasema, "Mama, hapa dawa ni kufomati." Ndani ya diski mlikuwa na mitihani ya shule tatu na hesabu za chama chao cha kuweka na kukopa. Nakala ya akiba hakuna.

Nilimsihi asiguse. Kiini kinapotoa maneno yale, kinakuwa kimesimama mlangoni. Diski hakijaigusa hata kidogo. Hakuna kilichopotea mpaka mtu akipoteze kwa mkono wake.

Hiyo PAE ni uwezo wa prosesa ya biti 32 kutumia kumbukumbu inayozidi gigabaiti 4. Pentium M nyingi za mwanzo hazitangazi kuwa nazo. Debian 12 hutoa viini vya aina mbili kwa mashine za biti 32: kimoja jina lake huishia na 686, kingine 686-pae. Kijana alichagua chenye jina refu, pengine akidhani ndicho bora.

Tiba haikuchukua hata nusu saa. Washa mashine huku umeshikilia kitufe cha Shift hadi menyu ya GRUB itokee. Ingia penye machaguo ya ziada, uchague kiini cha zamani, kwani kwa kawaida Debian hakifuti mara moja. Mashine ikiamka, kwanza nakili kazi zako kwenye flashi. Kisha weka furushi liitwalo linux-image-686, na uondoe lile la pae.

Ipo njia nyingine. Tangu mwaka 2014 kiini hukubali neno forcepae, linaloandikwa mwishoni mwa mstari wa kuwashia. Baadhi ya Pentium M zina uwezo huo ila hazisemi, nazo huamka kwa njia hiyo. Lakini hapo unakilazimisha kiini, na mimi nisingelijaribu kwenye mashine yenye mitihani ya watoto wa watu.

Kama maneno yanayotokea ni "Unable to mount root fs", hilo ni tatizo la aina nyingine: kiini kimeingia lakini hakioni diski. Mara nyingi eneo la /boot lilijaa viini vya zamani, na faili la initramfs halikuandikwa likakamilika. Rudi kwenye kiini cha zamani, pima nafasi kwa df -h /boot, ondoa viini usivyotumia lakini ubakize hicho kinachokuwasha, halafu uandike upya faili hilo kwa update-initramfs.

Jirani alirudi kazini jioni ile ile. Nilimweleza kwamba Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kiini cha mashine za biti 32. Akaniuliza kompyuta iliyotumika lakini ya biti 64 inauzwaje siku hizi. Tulikwenda kuulizia bei Jumamosi.