Muhuri wa Wakili Pekee Hautoshi

Wengi hupeleka hati kwa wakili kama mtu anayenunua stempu: lipa, gongewa muhuri, ondoka. Lakini sheria ya Tanzania inayosimamia uthibitishaji wa hati na makamishna wa viapo, Sura ya 12, inataka zaidi. Kifungu cha 8 kinamtaka wakili anayeapisha kama kamishna wa viapo aandike jina lake na aeleze kwa ukweli mahali na tarehe ya kiapo; kifungu cha 7 kinamzuia kamishna kuapisha katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmojawapo au ana maslahi nalo. Masharti hayo yangekuwa bure kama kazi ingekuwa kugonga muhuri tu. Kinachotafutwa ni shahidi asiye na upande, aliyemwona mwapaji kwa macho yake.

Atasema mtu: wakili hajui kama niliyoandika ni kweli, basi ana faida gani? Naam, hathibitishi yaliyomo. Anathibitisha nani aliapa, lini na wapi, ili mwongo asije akayaruka maneno yake mahakamani. Kwa hiyo, anayemtuma ndugu amsainie, au anayeacha hati igongwe muhuri mwenyewe hayupo, analipia ushahidi ambao haukuwahi kuwapo.