Fahamu: Simu zinavyoongea bila bando
Intaneti ilipozimwa Tanzania siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 2025, Bluetooth iliendelea kufanya kazi. Haipiti kwenye mnara wala haili bando. Ni redio ndogo ndani ya simu, ya masafa ya 2.4 GHz, iliyoanzishwa na kampuni ya Ericsson ya Sweden mwaka 1994.

Mwanza wanaijua tangu enzi za kurushiana nyimbo. Leo ndiyo inayolisha spika za wamachinga pale Makoroboi. Spika kumi zinaweza kupiga nyimbo kumi bila kuingiliana, kwa sababu kila jozi huhama chaneli hadi mara 1,600 kwa sekunde (masikio yako ni suala jingine).

Kipya ni programu kama Bitchat, aliyoitoa Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter, Julai 2025. Ujumbe hutoka simu moja hadi ya jirani, nayo huupokeza mbele, hadi mara saba. Kila hatua ni mita kumi, au makumi kadhaa mahali pa wazi, kwa hiyo inataka watu wengi walio karibu. Sokoni Mwaloni Kirumba, watu wakiwa bega kwa bega, inaweza kufaa. Kwenye mtumbwi wa dagaa katikati ya ziwa, sahau. Tena wote lazima wawe wameipakua kabla intaneti haijakatika, na hapo ndipo wengi hukwama.

Siku za kawaida, ukiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, usikubali ombi la kuunganishwa kwa Bluetooth na kifaa usichokijua.