Tronsonezi ya vipande: Bukavu ililia vizuri, Baraka ikakufa

Ndugu zangu wa lisansi, pamoja na ninyi mungali kwenye viti vya auditwari: swali munaloniuliza sana siku hizi si la mbolea wala la mihogo. Ni hili: "Agronomi, ile tronsonezi, njo weye uliiunga?" Ndiyo, niliiunga mwenyewe, kipande kwa kipande, kutoka ndani ya karto. Na ndiyo, iliniharibikia mbele ya watu. Nitaeleza yote mawili, maana kuunga si njo kulikonishinda. Kilichonishinda ni visi moja ndogo ya karbirateri.

Nilitetea memware, nikaweka dosie kila mahali, nikangoja. Katika kungoja nikaona kitu: huku Kabare na Walungu, familia nyingi zenye kilima ziko na mikaratusi, na mwenye tronsonezi anatafutwa kama muganga. Mashini mpya ya asili ilikuwa mbali na mufuko wangu. Kiisha rafiki yangu mumoja wa promosioni akanionyesha seti ya vipande kutoka China, kopi ya Stihl MS 660: moteri ya sentimita kyubi 91.6, pistoni yenye upana wa milimita 54 na mwendo wa milimita 40. Dola 230 pamoja na usafiri, gidi na sheni mbali. Tulitoa nusu kwa nusu. Watu walitucheka kwamba tumenunua "ya bandia". Lakini kopi ya mashini inayojulikana iko na faida moja: kipande kikikufa, unaweza kuweka cha asili mahali pake na kinaingia.

Ndani ya karto hamukuwa hata karatasi moja ya maelezo. Kulikuwa tu mifuko ya plastiki na visi nyingi.

Kazi ya kwanza ni kuosha. Kila kitu kinaoshwa na esansi, hata kile kinachong'aa, sababu viwanda hivyo vinaacha unga wa chuma ndani ya matundu, na unga huo ukiingia kwenye rulema, mashini inajisaga yenyewe. Kiisha ingiza kidole ndani ya silinda, gusa kingo za yale madirisha ambamo hewa na moshi vinapita. Zangu zilikuwa kali kama wembe. Pete ya pistoni inapita hapo mara mia mbili kwa sekunde moja na zaidi. Ikikwama mara moja, inavunjika. Nilizilainisha kwa karatasi ya msasa iliyozungushwa kwenye kijiti, asubuhi nzima, kiisha nikaosha tena. Na zile waya ndogo mbili zinazozuia pini ya pistoni isitoke, nilizitupa na kununua za asili. Ni bei ya soda mbili. Waya hiyo ikiruka, silinda yote imekwisha.

Rulema zinaingia kwenye kasha la moteri kwa joto, si kwa nyundo. Niliziweka pamoja na vilebrekini usiku muzima ndani ya kongelateri ya mama mudogo anayeuza ju (aliniuliza kama nimeanza uchawi), na kasha nikalipasha juu ya makala mpaka tone la maji likikauka hapo hapo. Zikaingia zenyewe. Ukigonga, unaweza kupinda vilebrekini na hutajua mpaka mashini ianze kutetemesha mikono yako kama malaria.

Mengine ni ya uvumilivu tu. Mushale ulio juu ya pistoni uangalie upande wa eshapema. Visi za silinda zikazwe kwa kupishana, kona kwa kona. Ambreyaji iko na uzi wa kinyume: inakazwa kwa kuzungusha kushoto, usiilazimishe kulia. Nafasi kati ya bobini na gurudumu la sumaku ni unene wa karatasi ngumu, milimita 0.2 mpaka 0.3, nilitumia kipande cha kadi ya mwaliko wa ndoa. Buji, milimita 0.5. Freni ya sheni, jaribu kabla ya kitu chochote. Freni isiposhika, mashini haitoki kwenye parseli.

Siku ya tatu nilivuta kamba mara kumi na moja. Ikawaka. Rafiki yangu akanikumbatia na mikono yake ya grisi.

Sasa tuingie kwenye reglaje, maana hapa njo makosa yangu yanaanza. Karbirateri iko na visi tatu. L inagawa esansi moteri ikiwa polepole. H inagawa wakati umefinya mpaka mwisho. LA haigusi esansi, inashika tu mwendo wa kupumzika. Unaanza kwa kufunga L na H pole, bila nguvu, kiisha unafungua kila moja muzunguko mumoja. Unaacha moteri ipate moto. Unazungusha L kushoto na kulia mpaka upate mahali moteri inapokimbia zaidi, kiisha unaifungua kidogo tu, mpaka ukifinya isisite. LA unaipunguza mpaka sheni isimame yenyewe na moteri isizimike.

H inarekebishwa kwa sikio. Sheni ikiwa hewani, umefinya mpaka mwisho kwa sekunde chache tu, moteri yenye esansi ya kutosha haina sauti safi. Inagugumia kidogo, kama mutu anayesukutua maji kooni. Ukiingiza sheni ndani ya muti, kile kigugumizi kinatoweka, sauti inanyooka. Ukitoa, kinarudi. Hiyo njo afya yake. Lakini ukikaza H kulia, kigugumizi kinatoweka hata hewani, na mashini inalia juu, safi, kama pikipiki ya vijana wa Kadutu. Kwa masikio ya mutu asiyejua, hiyo njo nguvu. Nilikaza H kidogo, nikasikia raha, nikakaza tena. Watoto wa parseli walipiga makofi.

Sikiliza vizuri sasa. Moteri ya mapigo mawili haina mafuta yake ya pembeni kama gari. Mafuta ya kulainisha pistoni yanakuja yakiwa yamechanganywa ndani ya esansi. Kwa hiyo ukikaza H, hupunguzi esansi peke yake. Unapunguza pia mafuta ya pistoni, na wakati huo huo unaongeza mizunguko na joto. Ile sauti nzuri niliyoipenda ilikuwa sauti ya pistoni yenye kiu.

Bukavu ilinivumilia. Nilikata mikaratusi Walungu wiki mbili bila shida. Kiisha muzee mumoja wa Baraka, kule Fizi, akatuita. Alikuwa na michikichi ya zamani, mirefu mpaka wavunaji walikuwa wanaogopa kupanda, na alitaka kuiangusha na kupanda upya. Miche yake ilikuwa tayari kwenye pepinieri, imeanza kubanana, na mvua ilikuwa karibu. Hiyo ilikuwa kazi yangu ya kweli ya agronomi, ya kwanza tangu diplome: kupima nafasi, kupanga mistari, kuangusha, kupanda. Tulikubaliana michikichi 40. Tukashuka Ngomo, tukapita Kamanyola na Uvira.

Siku ya pili, kwenye muchikichi wa tisa, sauti ilipanda juu kidogo, kiisha mashini ikanyamaza. Nikavuta kamba. Haikusogea hata kidole. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda. Mafundi wanasema "imesere". Muzee aliniangalia, akauliza pole: "Mwanangu, sasa miche yangu?"

Nilianza kwa kulaumu karto la China. Ni rahisi. Lakini nilipofungua eshapema na kuchungulia, pistoni ilikuwa imechubuka upande wa eshapema, mistari mirefu kutoka juu mpaka chini. Michubuko ikiwa upande wa karbirateri, mara nyingi ni vumbi lililopita kwenye filtri. Ikiwa upande wa eshapema, ule wenye moto zaidi, mara nyingi ni joto na ukosefu wa mafuta. Yangu ilikuwa hiyo.

Sababu ilikuwa chini ya miguu yangu. Ziwa Kivu liko karibu mita 1460 juu ya bahari; Tanganyika liko karibu 770. Kadiri unavyoshuka, hewa inakuwa nzito. Hata ukihesabu joto la Baraka, ambalo linaipunguza kidogo, hewa ya kule ni nzito kuliko ya Bukavu kwa asilimia 5 ao 6 hivi. Karbirateri ya visi haijui hilo. Matundu yake yanabaki yaleyale, hewa inayoingia ina oksijeni zaidi, na esansi haiongezeki kwa kipimo kilekile. Mutu aliyeacha kigugumizi kidogo kwenye H angeweza kushuka bila balaa. Mimi niliondoka Bukavu nikiwa tayari kwenye mupaka. Ongeza na muchikichi wenyewe: mbao zake ni nyuzi tupu, zinamaliza makali ya sheni haraka, na sheni butu inakufanya ufinye mpaka mwisho muda murefu.

Kulikuwa pia na jambo lingine ambalo naona haya kulisema. Fundi mumoja wa Uvira, tulipomupelekea mashini, aliniuliza: "Agronomi, uliipima hewa?" Sikuwa nimeipima. Alifunga tundu la eshapema na la karbirateri kwa vipande vya shambreri ya kinga, buji ikakazwa, akaunganisha pompe ya kinga kwenye kamupira kanakotoka kwenye kasha kwenda karbirateri, akapandisha presha ya bar 0.5 tu. Presha hiyo inapaswa kusimama angalau sekunde 20. Yangu ilishuka. Akapaka maji ya sabuni, na povu likatoka kwenye mupira wa spi, upande wa gurudumu la sumaku. Kumbe moteri ilikuwa inavuta hewa ya wizi tangu Bukavu, hewa isiyopita kwenye karbirateri. Kipimo cha dakika kumi na pompe ya kinga kingenionyesha hilo siku ya tatu, kabla ya makofi.

Silinda mpya, pistoni mpya, spi mbili: dola 70 na siku kumi na mbili. Muzee alitafuta mutu mwingine kwa michikichi iliyobaki. Alituachia kazi ya kupanda, na hapo nilimushukuru kwa mikono miwili. Rafiki yangu aliuza nusu yake ya mashini kwangu, kwa mukopo. Bado namulipa.

Sasa mashini iko Bukavu, inafanya kazi. Nachanganya mililita 40 za mafuta ya 2T kwa lita moja ya esansi, napima kwa sirinji, si kwa macho. Na nikibadilisha kipimo hicho, nasikiliza H upya, sababu mafuta yakiongezeka, esansi yenyewe imepungua. Turnevisi imefungwa kwa kamba kwenye mushikio. Nikishuka Ngomo, tukifika Kamanyola naomba shofa asimame dakika tano. Nawasha, nafungua H kidogo kushoto, nasikiliza mpaka igugumie, nazima. Abiria wananuna. Tunaendelea na safari.