Je, Wajua? Dhahabu ya Saa Ina Historia

Je, wajua kwamba karibu dhahabu yote iliyochimbwa tangu binadamu aanze kuichimba bado ipo? Baraza la Dhahabu Duniani linakadiria kuwa ni zaidi ya tani 210,000. Ikikusanywa yote ikawa mchemraba mmoja, kila upande utakuwa na mita 22 hivi. Dhahabu haishiki kutu, haiozi, wala haichakai kwa kuyeyushwa tena na tena. Kasha la saa linalouzwa leo Geneva linaweza kuwa na chembe zilizowahi kuwa pete, sarafu au jino la mtu.

Je, wajua kwamba saa ya dhahabu si dhahabu tupu? Dhahabu safi ni laini mno, ingekwaruzika kwa kugusa meza tu. Viwanda vya saa za kifahari hutumia karati 18, yaani sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu, na zilizobaki ni fedha, shaba au paladi. Shaba ikizidi, saa huwa nyekundu. Paladi huifanya nyeupe. Rolex huchanganya na kuyeyusha dhahabu yake yenyewe, na Chopard ina tanuru lake tangu 1978.

Je, wajua kwamba katika karakana za saa hata maji ya kunawia mikono huchujwa? Kasha huchongwa kutoka kwenye kipande kizima cha metali, na sehemu kubwa ya kipande hicho huishia kuwa maranda na unga. Unga huo hushika kwenye aproni, kwenye vitambaa vya kung'arishia, kwenye mbao za sakafu, hata kwenye nywele za fundi. Kila kitu hukusanywa. Vitambaa na takataka za kufagia huchomwa, kisha majivu husafishwa kwa kemikali hadi dhahabu itoke. Huko Biel, Uswisi, kampuni ya Cendres+Métaux ilianzishwa mwaka 1885 kwa kazi ya namna hii. Basi ukisoma tangazo linalojisifu kwamba mabaki ya karakana hurejelezwa, fahamu kuwa hiyo ni desturi ya zaidi ya miaka mia. Ni jambo jema, ila hakuna mwenye kiwanda aliyewahi kukubali kutupa dhahabu.

Je, wajua kwamba bei ikipanda sana saa nzuri hufa? Tarehe 21 Januari 1980 wakia moja ya dhahabu ilifika dola 850, bei ambayo dunia haikuwa imewahi kuiona. Makasha mengi ya saa za kale, hasa za mfukoni, yalitiwa kwenye tanuru kwa ajili ya uzito wake. Hadi leo wakusanyaji hukutana na mitambo ya saa iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa, ikiuzwa bila kasha. Huo nao ni urejelezaji, na unatia uchungu.

Je, wajua kwamba kwenye kasha la saa ya dhahabu ya Uswisi kuna kichwa cha mbwa? Tangu 1995 muhuri rasmi wa serikali ya nchi hiyo ni kichwa cha mbwa wa aina ya Saint Bernard, na makasha ya metali za thamani yanayotengenezwa huko lazima yapigwe muhuri huo. Mbwa huyo anathibitisha kiwango cha dhahabu iliyomo. Hasemi neno lolote kuhusu shimo ilikotoka, wala mikono iliyoichimba.

Na hapo ndipo penye kiini cha mambo. Dhahabu huyeyuka kwa nyuzi 1,064 za Selsiasi, na ikishasafishwa, ya mgodi mkubwa wa kisasa haitofautiani tena na ya shimo linalosimamiwa na watu wenye bunduki. Chuo Kikuu cha Lausanne, kwa kushirikiana na kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Metalor, kimebuni njia ya kutambua asili ya dhahabu kwa kupima kemia yake, lakini kipimo hicho hufanywa kabla ya kusafishwa. Ukichelewa, ushahidi umekwenda na moshi.

Je, wajua kwamba swali la asili ya dhahabu hujibiwa zaidi katika nchi isiyo na migodi mikubwa ya dhahabu? Sehemu kubwa ya dhahabu ya dunia hupita kwenye viwanda vya Uswisi: Valcambi, PAMP na Argor-Heraeus, vyote vitatu vikiwa jirani katika jimbo la Ticino karibu na mpaka wa Italia, pamoja na Metalor huko Neuchâtel. Anayetaka kujua saa za kifahari zimetengenezwa kwa dhahabu gani aanze na milango hiyo minne.

Je, wajua kwamba dhahabu "iliyorejelezwa" inaweza kuwa imetoka ardhini mwezi uliopita? Urejelezaji una maana tofauti kwa watu tofauti. Wapo wanaohesabu bangili kuukuu na simu mbovu tu. Wapo wanaohesabu hata vinoo vya benki vilivyoyeyushwa upya. Katikati kuna mwanya. Mfanyabiashara wa magendo huchukua dhahabu mbichi, huifinyanga harakaharaka ikafanana na bangili, kisha huiuza kama mapambo ya zamani. Ikishafika tanuruni, hakuna wa kuuliza. Shirika la Swissaid lilikadiria kuwa mwaka 2022 pekee, tani 435 au zaidi za dhahabu ya wachimbaji wadogo zilitoka Afrika bila kutangazwa, nyingi zikielekea Dubai.

Wasomaji wa Bunia na Bukavu wanaijua njia hiyo kuliko wengi wetu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kwa mara jinsi dhahabu ya Ituri na Kivu Kusini inavyovushwa kwenda nchi jirani kabla ya kupanda ndege. Mwezi Machi 2022 Marekani ilikiwekea vikwazo kiwanda cha African Gold Refinery cha Entebbe, Uganda, kwa tuhuma za kushughulika na dhahabu ya magendo kutoka Congo.

Je, wajua kwamba Waswisi wenyewe waliipigia kura habari hii? Tarehe 29 Novemba 2020 waliulizwa kama kampuni zao ziwajibike mahakamani kwa madhara zinayosababisha ng'ambo. Asilimia 50.7 ya wapiga kura walisema ndiyo. Hoja ikaanguka, kwa sababu majimbo mengi yalikataa.

Pamoja na hayo yote, urejelezaji wa kweli una faida kubwa. Watafiti wa Pforzheim, mji wa masonara wa Ujerumani, walikokotoa kuwa kilo moja ya dhahabu iliyotokana na mapambo chakavu huzalisha hewa ya ukaa kilo 53 hivi. Kilo moja ya dhahabu ya kuchimba huzalisha tani 16 hivi.

Lakini je, wajua nani haonekani katika hesabu hiyo? Ni mchimbaji mdogo. Kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayoingia hewani. Mkazi wa Geita au Chunya hahitaji kuelezwa: mawe hupita kwenye karasha, unga huoshwa kwenye mwalo, zebaki hushika dhahabu, kisha donge huchomwa na mvuke wake huvutwa na yeyote aliye karibu, watoto wakiwemo. Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki ulianza kutumika mwaka 2017. Kampuni ya saa inayosema "sisi tunatumia dhahabu ya zamani tu" haijamwondolea mtu huyu hata tone moja la zebaki. Imejiondoa yenyewe tu. Mwaka 2019 Metalor ilitangaza kuacha kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo, na naelewa hofu yao. Ila mchimbaji hakuacha kuchimba siku hiyo. Mnunuzi makini akiondoka, anayebaki ni yule asiyeuliza maswali.

Je, wajua kwamba kuna njia nyingine, na kwamba gharama yake ni ndogo? Katika mpango wa Fairmined, kikundi cha wachimbaji hupata nyongeza ya dola 4 kwa kila gramu, juu ya bei ya dhahabu yenyewe, kwa kutimiza masharti ya kazi na mazingira. Chukua kasha lenye gramu 50 za dhahabu safi: nyongeza ni dola 200, kwenye saa inayouzwa makumi ya maelfu ya dola. Chopard ilitangaza kwamba kuanzia Julai 2018 dhahabu yake yote ingekuwa ya kimaadili, ama ya wachimbaji wadogo walio katika mipango kama huo, ama ya viwanda vilivyothibitishwa na Baraza la Vito Wajibikaji, RJC. Tuzo ya Palme d'Or ya tamasha la filamu la Cannes, gramu 118 za karati 18, hutengenezwa na Chopard kwa dhahabu ya Fairmined tangu 2014. Na kwetu? Wachimbaji wa Syanyonja, wilaya ya Busia nchini Uganda, mwaka 2017 walikuwa wa kwanza Afrika kupata cheti cha dhahabu ya Fairtrade.

Si wote walio tayari kuulizwa. Mwaka 2018 shirika la Human Rights Watch lilipima kampuni 13 za vito na saa. Rolex ilikuwa miongoni mwa zile ambazo hazikujibu.

Kwa hiyo ukiingia duka la saa, iwe Dar es Salaam, Nairobi, Dubai au London, muulize muuzaji dhahabu hii ilikuwa nini kabla ya kuwa saa, na nani aliisafisha. Akijibu "imerejelezwa", muulize kutoka wapi. Kisha omba kuona cheti.