Maziko ya Merikebu Kongwe

Msomaji mpenzi, je, umepata kusikia habari za merikebu iliyofanyiwa maziko? Sisemi merikebu iliyopigwa na tufani au kupanda mwamba. Nasema iliyokokotwa na wenyewe hadi bahari kuu, ikatiwa baruti tumboni, ikazamishwa huku bendera zikipepea. Jambo hilo lilitukia tarehe 2 Desemba 1949, kusini mwa Uingereza, karibu na kisiwa cha Wight. Fuatana nami nikusimulie.

Merikebu hiyo ilizaliwa Ufaransa. Mafundi wa Rochefort waliishusha majini mwaka 1800, wakaiita Duguay-Trouin, jina la baharia shujaa wa mji wa Saint-Malo. Ilikuwa merikebu ya vita, ya mbao, yenye milingoti mitatu na mizinga 74. Usidhani kazi ya humo ilikuwa nyepesi. Ilihitaji mamia ya watu: wa kukwea milingotini kukunja na kukunjua matanga, wa kuvuta kamba, wa kushindilia mizinga, na maseremala wa kuziba matundu yaliyotobolewa na adui.

Tarehe 21 Oktoba 1805 ilikuwapo katika vita vya Trafalgar, upande wa Wafaransa walioshindwa. Siku hiyo iliponea chupuchupu. Siku 14 baadaye, karibu na rasi ya Ortegal huko Hispania, Waingereza waliikamata, na nahodha wake, Claude Touffet, akauawa. Washindi waliitengeneza, wakaipa jina jipya, Implacable, maana yake isiyotulizika. Tangu hapo ikapigana chini ya bendera ya adui wa jana. Mwaka 1808 ilipambana na Warusi katika bahari ya Baltiki, na mwaka 1840 ilikuwa vitani katika pwani ya Shamu.

Lakini zama za matanga zilikuwa zikifikia ukingoni, kwani meli za moshi zilikwisha kuingia. Mwaka 1855 Implacable ikafanywa chuo cha wavulana huko Devonport. Hatimaye ilipokaribia kuvunjwa, mtu mmoja mwenye mali na mapenzi ya merikebu za kale, Geoffrey Wheatley Cobb, akaikingia kifua. Alikabidhiwa mwaka 1912, na vijana wakaendelea kujifunza humo ubaharia. Hivyo miaka ya kufundisha ikazidi ile ya kupigana.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili. Vilipokwisha, merikebu ilikuwa imechakaa na mbao zake zimeoza. Gharama ya kuitengeneza ilikadiriwa kuwa yapata pauni 150,000. Frank Carr, mkuu wa Makumbusho ya Bahari ya Taifa yaliyoko Greenwich, alitamani sana ihifadhiwe, ila fedha hazikupatikana. Ufaransa nayo, ilipoulizwa kama ingependa kumrudisha mwanawe nyumbani, ilikataa.

Hapa, ndugu msomaji, jiweke mahali pa wakubwa wale. Miji ilikuwa imebomolewa kwa mabomu, watu hawana nyumba, na chakula bado kikitolewa kwa mgao. Je, wewe ungethubutu kumwambia mama asiye na paa kwamba mbao zitakwenda kutengeneza merikebu? Ndiyo maana si vyema kuwalaumu kwa pupa.

Basi siku ikafika. Implacable ilikokotwa hadi baharini, bendera ya Ufaransa na ya Uingereza zikipepea pamoja. Baruti ikalipuka, sehemu ya chini ikapasuka. Lakini, ajabu! Mzee alikataa kwenda. Sehemu ya juu ilibaki ikielea kwa saa kadhaa mbele ya macho ya waliokuja kumuaga, kama inayouliza imekosa nini. Hatimaye ikatoweka.

Majuto ni mjukuu, wahenga hawakukosea. Watu wengi walisikitika, na masikitiko yale hayakwenda bure. Ilipofika zamu ya merikebu nyingine mashuhuri, Cutty Sark, iliyoundwa mwaka 1869, waliokumbuka yaliyoipata Implacable hawakukubali yarudiwe. Cutty Sark iliingizwa katika gudi kavu huko Greenwich mwaka 1954, na mwaka 1957 ikafunguliwa kwa watazamaji. Ama Implacable, sanamu yake ya omo na mapambo ya shetri yaliokolewa, nayo yamehifadhiwa katika makumbusho ya mji huohuo.

Msomaji mpenzi, pengine nyumbani kwako kuna kitu cha mzee kinachochukua nafasi: sanduku la njumu, cherehani iliyokwisha kufa, au daftari la hesabu za babu. Huwezi kuhifadhi kila kitu, wala hakuna anayekutaka ufanye hivyo. Lakini kabla hujakitupa, waite watoto, uwaeleze kilifanya kazi gani na kilimlisha nani. Ukiisha kuwaeleza, ndipo uamue.